"Ana kolestro"

Tumezoea kusema "ana presha" na "ana sukari", na hakuna anayeuliza ni nani basi asiye na presha kabisa. Ni mazoea ya lugha, tunaelewana. Siku hizi sentensi hiyo imehamia kwenye lehemu: "amepima, amekutwa na kolestro." Amekutwa nayo kama mtoto anavyokutwa na minyoo. Baada ya miezi miwili ya vidonge inafuata sentensi ya pili: "kolestro imeisha, nimeacha dawa." Ya kwanza tungeweza kuivumilia. Ya pili ina madhara, na ni mtoto wa ya kwanza.

Maana yenyewe ni fupi. Lehemu, au kolestro, ni kitu kama nta ambacho mwili hujitengenezea, ini likiwa kiwanda kikubwa. Imo kwenye ngozi ya kila seli, na ndiyo malighafi ya homoni za uzazi, vitamini D na asidi za nyongo. Ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi, ikiwa imebebwa ndani ya chembe zinazoitwa LDL, hupenya kwenye kuta za mishipa inayoulisha moyo, na hapo ndipo ugonjwa wa mishipa ya moyo unapoanzia. Asiye na lehemu kabisa hayupo. Angekuwepo asingekuwa hai.

Jina nalo lina lawama zake. Kwa fundi redio, lehemu ni ule waya laini unaoyeyushwa kwa chuma cha moto ili kuunganisha nyaya. Asili yake ni Kiarabu, lihamu, kiungio cha metali, na shina hilohilo ndilo linalotoa neno la nyama. Lilipofika hospitali likaja na picha yake: kitu kilichomiminwa, kikaganda, kikaziba tundu. Jina la kigeni nalo halisaidii. Linatokana na Kigiriki, *khole* ni nyongo na *stereos* ni kigumu, kwa sababu Wafaransa wa karne ya 18 waliikuta kwanza kwenye mawe ya nyongo. Mwanakemia Michel Eugène Chevreul akaipa jina mwanzoni mwa karne ya 19. Ile "-ol" ya mwisho iliongezwa baadaye, wanakemia walipogundua kuwa kwa muundo ni ya ukoo wa alkoholi (haileweshi, tusijipe matumaini). Kwa hiyo ndani ya jina zima hakuna moyo, hakuna mshipa, na hakuna mafuta ya kupikia.

Hili la mafuta ndilo linalokera zaidi. Mafuta ya kwenye sufuria ni trigliseridi, na mwili huyachoma kupata nguvu. Lehemu haichomwi. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia kila alfajiri kwa miezi mitatu, trigliseridi zake zikashuka vizuri, na LDL ikabaki karibu palepale. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo, lakini hii si kubwa miongoni mwazo.

Na zile chupa za mafuta ya alizeti zilizoandikwa kwa herufi kubwa "hayana kolestro"? Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba maji ya kisima hayana mifupa. Lehemu ni kitu cha wanyama. Kwenye mmea haifikii kiasi cha kuhesabika. Mafuta ya nazi hayana, mawese hayana. Hata hivyo yote mawili yanaweza kupandisha LDL, kwa sababu yamejaa aina ya mafuta inayolifanya ini lipunguze vipokezi vyake, yaani vile vishikio vya kunasia LDL na kuitoa kwenye damu. Watu hufundishwa kuyatambua mafuta hayo kwa kuganda kwake. Ni kanuni nzuri, ila izingatie hali ya hewa: mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo chupa ileile ni maji matupu Dar es Salaam mwezi wa pili na ni jiwe Njombe mwezi wa saba. Kilichobadilika ni joto la jikoni. Mafuta ni yaleyale.

Tuje kwenye "kolestro nzuri" na "kolestro mbaya". Lehemu ni moja tu, molekuli ileile. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye damu, lazima ipakiwe kwenye chombo, na LDL na HDL ni majina ya vyombo. Abiria ni yuleyule. Daladala moja, LDL, inatoka ini kwenda mitaani; nyingine, HDL, inakusanya waliobaki na kuwarudisha. Tofauti hii si ya walimu wa sarufi. Kama HDL ingekuwa dawa iliyomo ndani ya damu, kuipandisha kungetosha. Imejaribiwa: torcetrapib iliipandisha HDL sana, na jaribio likasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wakifa zaidi ya wasiopewa. Kushusha LDL, kwa upande mwingine, kumesaidia kwa zaidi ya njia moja. Katika jaribio la nchi za Nordiki lililotangazwa 1994, wagonjwa wa moyo 4,444 walifuatiliwa kwa miaka mitano na zaidi. Waliokufa kati ya waliopewa simvastatini, kidonge cha kushusha LDL cha jamii ya statini, walikuwa 182, na kati ya waliopewa kidonge kitupu 256.

Sasa chukua karatasi mbili za maabara. Ya kwanza: kolestro jumla 5.4, HDL 2.1, trigliseridi 1.1. Ya pili: jumla 5.4, HDL 0.8, trigliseridi 2.2. Kwa mtaani wote wawili "wana kolestro", tena sawasawa. LDL hupatikana kwa kutoa HDL kwenye jumla, kisha kutoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Wa kwanza LDL yake ni 2.8, wa pili 3.6. Toa HDL peke yake kwenye jumla, upate mzigo wote wa vyombo vinavyodhuru: 3.3 kwa 4.6. Hawa si wagonjwa wa aina moja, na wa kwanza huenda si mgonjwa kabisa. Hesabu hiyo haifai trigliseridi zikipita 4.5, hapo LDL ipimwe moja kwa moja. Na angalia kipimo kilichoandikwa pembeni, kwa sababu mashine nyingine husoma kwa miligramu: 5.4 ya milimoli kwa lita, kipimo tunachotumia hapa, ni kama 209 ya miligramu kwa desilita.

Picha ya bomba lililoziba nayo ina kasoro. Lehemu haipaki juu ya mshipa kama mafuta ya sahani kwenye bomba la sinki. Inaingia *ndani ya ukuta*. LDL hupenya utando wa ndani wa mshipa, kwa urahisi zaidi pale ulipochubuliwa na presha, sigara au kisukari, inanasa humo na kuharibika. Seli nyeupe za ulinzi huja kuila, zinavimbiwa hadi zinaonekana kama povu, kisha zinafia palepale. Mwanapatholojia Mjerumani Felix Marchand aliita hali hii aterosklerosi mwaka 1904, na nusu ya kwanza ya neno hilo ni *athere*, kwa Kigiriki uji. Ni jina la aliyechana mishipa akaona kilichomo: uji mzito uliofunikwa na ngozi ngumu.

Ifikirie basi kama jipu, wala si kama kutu. Hata ule mkubwa kati ya mishipa inayoulisha moyo una njia ya milimita 3 hadi 4 tu. Uvimbe ukibana njia polepole hadi asilimia 70 hivi, mtu hubanwa kifua akipanda ngazi, na akipumzika kinaachia. Lakini mshtuko wa moyo kwa kawaida huja jipu linapopasuka: ngozi iliyokonda inachanika, uji unakutana na damu, damu inaganda, na njia inafungwa ndani ya dakika chache. Jipu hilo si lazima liwe lile lililobana zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka bila kuwahi kuumwa kifua, na ndugu wakasema hakuwa na tatizo lolote.

Kwa haki, neno lehemu lina kitu cha kujitetea. Fundi mzuri anajua kwamba lehemu iliyokaa juu ya kiungo haijashika. Iliyoshika ni ile iliyonywewa katikati ya waya na waya. Kwa namna hiyo jina letu liko karibu na ukweli kuliko bomba la sinki.

Ukishaona kwamba kazi inafanyika ukutani, tena kwa miongo, kuacha vidonge kwa sababu "imeisha" kunaonekana kulivyo. Statini hulizuia ini kutengeneza lehemu, nalo huongeza vipokezi na kunasa LDL nyingi zaidi. Ukiacha, ini linarudia kazi yake, na ndani ya wiki chache namba iko ilipokuwa. Kwa aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka LDL iwe chini ya 1.4, ibaki huko. Namba ikiwa nzuri maana yake dawa inafanya kazi.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana kolestro, usimkatize. Muulize tu: LDL yako ngapi? Akijibu "tatu nukta sita", mnaweza kuendelea kuiita lehemu, kolestro au vyovyote mpendavyo.