Kabla ya kuhamisha wateja, kagua namba zao

Mhasibu wa duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam alinipigia simu asubuhi, sauti imempanda. "Kaka, namba zote za NIDA zinaishia na sifuri tano. Jana hazikuwa hivi!" Alimaanisha namba za vitambulisho vya taifa za wateja wao.

Zilikuwa zimebaki siku chache tuhamie kwenye mfumo mpya wa kusimamia wateja. Kumbe kijana wa mauzo alilifungua kwenye Excel, kwa kulibofya tu, faili la CSV (orodha ya wateja iliyohifadhiwa kama maandishi matupu), akaona safu ya NIDA imejaa E+19, yaani namba ndefu zilizofupishwa, akaigeuza kuwa ya namba ili isomeke vizuri, kisha akahifadhi. Alidhani anasaidia.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari, Excel huichukulia kuwa namba ya kukokotoa, na kwenye namba ya aina hiyo haishiki zaidi ya tarakimu 15. Zinazozidi huwa sifuri. Simu nazo huumia: 0713 hubaki 713, na iliyoanza na 255 hujikunja kuwa kitu kama 2.55714E+11. Sifuri ya mbele hurudishwa kwa dakika moja. Tarakimu za mwisho za NIDA hazirudi, labda uwe na faili la awali au umfuate mteja mwenyewe. Sisi faili la awali tulikuwa nalo. Ndiyo maana nakala ya kwanza siruhusu mtu aiguse, hata mwenye duka. Tunafanyia kazi nakala nyingine, na safu za simu, NIDA na TIN (namba ya mlipakodi) huingizwa kama maandishi.

Tarehe zina mtego wake. Kompyuta iliyopangwa kimarekani husoma 03/04/2023 kuwa Machi 4, lakini 25/04/2023 huiacha ilivyo, kwa kuwa mwezi wa 25 haupo. Unabaki na safu ambayo nusu yake imegeuka kimyakimya. Mimi huandika 2023-04-03 kote.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu, hata hivyo, ilikuwa kujua nani ni nani. "Mama Salma", "Mama Salma Tandika" na jina la kwenye risiti la mwanamke huyohuyo vilikuwa wateja watatu, kila mmoja na deni lake. Mifumo mingi inaweza kuunganisha wanaofanana simu. Msikibonyeze kitufe hicho kwa pupa: mume na mke hutumia laini moja, na fundi huacha namba ya bosi wake. Ukiwaunganisha, deni la mmoja linamwangukia mwingine, na hapo umeharibu uaminifu uliojengwa kwa miaka. Nilikaa na dada wa kaunta siku mbili, jina kwa jina. Anawajua kwa sura, kwa watoto wao, kwa gari wanalokuja nalo. Kila mteja tulimwachia pia namba yake ya mteja ya zamani kwenye safu ya pembeni, ili madeni yajue pa kushikia.

Tulipofika kwenye NIDA niliuliza ni ya nini. Ilihitajika kwa wanaokopa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ukusanye kinachohitajika kwa kusudi lako, basi. Za wanaolipa taslimu hatukuzihamisha.

Tulihama Jumapili, duka likiwa limefungwa: wateja kwanza, madeni baadaye. Kuhesabu mistari hakutoshi. Mistari inaweza kutimia huku fedha zimekaa kwa mtu asiyehusika. Tulilinganisha jumla ya madeni hadi shilingi ya mwisho, kisha mhasibu akafungua daftari la kaunta, akawa anataja jina na mimi nasoma deni kwenye mfumo. Jina la nne halikulingana. Tulifuta yote, tukatafuta kosa, tukapakia upya jioni.