Acheni kumpa kome kazi ya kusafisha bwawa

Swali limerudi tena, safari hii likiwa na video: tangi moja lina kome, jingine halina, na baada ya saa chache lile lenye kome unaliona hadi chini. "Sasa nikichota ndoo mbili za kome Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikawamwaga bwawani kwangu Uyole, Mbeya, si maji yatatakata?" Hayatatakata. Na yakitakata, mfugaji wa sato ndiye atakayelia.

Video haidanganyi, ila inakatisha hadithi njiani. Kome anavuta maji kwa mrija mmoja, yanapita kwenye matamvua, chembe zinanaswa na ute, maji yanatokea mrija wa pili. Kome mkubwa, kwenye maji ya joto la kutosha, hupitisha makumi ya lita kwa siku. Sawa. Zile chembe zimekwenda wapi? Alizozipenda amekula. Alizozikataa amezifunga kwa ute akazitema, na ukitazama karibu utaziona chini zimelala kama vidonge laini pamoja na kinyesi chake. Amonia nayo, taka ya mwili wake, anaitoa majini moja kwa moja. Hakuna kilichotoka bwawani. Umefagia chumba ukasukumia taka chini ya mkeka. Ziwani kuna mawimbi, kina na wadudu wa tope wa kushughulikia hayo. Kwenye bwawa la mita 10 kwa 15 vidonge vinaoza, vinakula oksijeni, na alfajiri samaki wako juu wanahema.

Halafu huo ukijani mnaouita uchafu! Samadi mnaweka ya nini? Ukijani ni mwani, na mwani ndio chakula cha bure cha sato na cha vidudu wanaoliwa na vifaranga vya samaki. Mchana pia ndio unaozalisha oksijeni nyingi ya bwawa. Kabla ya kutafuta kome, pima kwa mkono: simama ukingoni jua likiwa juu, nyoosha kiganja, kizamishe taratibu. Kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, usiguse kitu. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, samadi imezidi: simamisha, punguza chakula, ingiza maji mapya. Maji yakipita kiwiko na bado unahesabu vidole, bwawa lina njaa. Ukiweka kome kwenye bwawa zuri utakuwa unanunua samadi ya kulisha kome, kisha unanunua chakula cha kulisha samaki walionyang'anywa mwani.

Na kama maji ni mekundu, huo ni udongo wa shamba la juu. Kome akizidiwa na udongo anafunga magamba na kungoja. Chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, panda nyasi kwenye kingo, basi.

Matema iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Uyole ni zaidi ya mita 1,700. Kome aliyezoea mchanga na maji ya uvuguvugu ya Ziwa Nyasa unamshusha kwenye tope zito lisilo na hewa, mwezi wa Juni. Atakufa, na mmoja akioza huwaharibia wenzake. Aliye hai ukimgusa anafunga magamba. Aliyeachama bila kushtuka ni mfu. Ila mfu aliyejaa tope hufunga vizuri tu, tena mzito kuliko walio hai. Msukume magamba kwa pembeni: ya mfu yanateleza.

Asipokufa, hatazaa. Watoto wa kome wa maji baridi huanza maisha wakiwa wamejishikiza kwa samaki, na si kila samaki anafaa. Wamarekani walilijua hili kwa gharama. Mwaka 1891 Mjerumani mmoja, John Boepple, alianzisha Muscatine, Iowa, kazi ya kukata vifungo vya nguo kutoka magamba ya kome. Biashara ikapaa, kome wa mito wakaisha, na kuwarudisha kukalazimu kukamata samaki, kuwaambukiza wale watoto wa kome kwenye matamvua na kuwaachia mtoni. Ndoo mbili hazikutosha.

Umri nao msijifanye mnaujua. Vitabu vinasema kila pete ya gamba ni mwaka mmoja. Huko kwenye theluji, pengine. Kwetu pete inaweza kutokana na kiangazi, mafuriko au jeraha, na wataalamu wawili wakishika gamba moja wanaweza kutoa majibu mawili. Hata kutofautisha jamii za kome kwa gamba peke yake ni kazi yenye ubishi mwingi.

Kichocho: kome hana. Vimelea vya kichocho hukua ndani ya konokono wa maji. Lakini ndoo yako ina majani na tope la ziwa, na mayai ya konokono hubandikwa kwenye majani katika kijirojo chenye ute. Ndivyo unavyoweza kumpandisha konokono bwawani wanakoingia watoto wako.

Na kwa sababu anachuja, usimle ovyo. Bakteria watakufa kwa kuchemsha, zebaki haifi. Aliyetoka mto unaopita kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya mwache huko huko.

Unachoweza kuchukua kwa amani ni magamba matupu ya ufukweni. Binadamu ameyatumia tangu zamani mno: kule Trinil, kisiwani Java, limepatikana gamba la kome wa maji baridi lililochorwa mistari karibu miaka 500,000 iliyopita. Wewe huna haja ya kuchora. Yachemshe, yakaushe juani, yatwange hadi chenga ziwe ndogo kuliko punje ya mchele, kisha weka kwenye chombo cha pekee kwa kuku wanaotaga. Usichanganye na pumba. Kuku atachukua chokaa anayoihitaji mwenyewe, na vifaranga hawaihitaji kwa kiwango hicho.