Hakimiliki na haki ya sura: tumezaliwa nazo au tumezitunga?

Hakimiliki ni haki ya aliyebuni kazi, kama wimbo, picha au kitabu, kuamua nani ainakili na kwa malipo gani. Haki ya sura ni ya yule anayeonekana kwenye picha, kuamua sura yake itumikeje. Watu huzichanganya kwa sababu mara nyingi hukutana kwenye picha hiyohiyo moja.

Tuseme mama anauza zabibu pale stendi ya Nanenane, Dodoma. Kijana anampiga picha, sinia kichwani, jua la saa kumi likimulika shavu. Picha ni kazi ya kijana. Miezi miwili baadaye mama anaambiwa na wateja kwamba yuko kwenye bango la kampuni ya simu. Kapoteza nini? Sura anayo bado, na zabibu hazikupungua hata kichala. Lakini nani atamwambia kakasirika bure?

Ukiiba ng'ombe wa Mgogo, zizi linabaki na pengo. Ukiimba wimbo wake, naye bado anao. Ndiyo maana naona hakimiliki ni uzio uliojengwa na watu. Sheria ya Uingereza ya 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na mingine 14 akiwa bado hai. Yetu ya 1999 inatoa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sijasikia ng'ombe wa urithi aliyefika mwaka wa 51 akawa wa kila mtu.

Wanaosema ni haki ya asili humtaja mwanafalsafa Mwingereza John Locke: mwili ni wako, basi na jasho lako ni lako. Sawa, ila muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ni jasho la nani? Sheria ya 1999 ikabidi izitengee sanaa za jadi sehemu yake (wengine huziita za asili, na hapo neno linatuchezea kabisa), kwa kuwa hakuna marehemu mmoja wa kuhesabia miaka.

Sura iko karibu zaidi na asili. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda nafsi ya mtu na maisha yake binafsi, na hasira ya mama yule haikusubiri Katiba. Kilichotungwa ni namna ya kuigeuza hasira hiyo kuwa shilingi za fidia. Kijana aliuza picha yake. Ruhusa ya mama hakuwa nayo ya kuuza.