Pongwe yenye herufi saba

Orodha ya kata za Jiji la Tanga imechapwa kwenye Windows, kata moja kila mstari: Chumbageni, Makorora, Mabawa, Pongwe. Inapandishwa kwenye seva ya Linux, programu inakata mistari penye `\n` (alama ya mwisho wa mstari, baiti namba 10), kisha inaitafuta Pongwe. Haipo! Kwenye skrini unaiona hiyo hapo, safi kabisa. Iulize urefu wake: 7. Hesabu mwenyewe, herufi ni sita.

Ya saba ni `\r`, baiti namba 13. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 kisha 10, yaani `\r\n`. Linux na macOS ya leo hutumia 10 tu. Mac OS ya zamani, hadi toleo la 9, ilitumia 13 tu.

Usibahatishe, tazama kwanza kwa amri hii, inayoonyesha hata `\r` isiyoonekana:

`head -n 4 kata.txt | od -c`

Wengi hukimbilia `strip()` ya Python. Mimi siipendi: inafagia pia nafasi na tabu, kwa hiyo faili lenye safu zilizotengwa kwa tabu hupoteza safu ya mwisho ikiwa tupu. Tumia `rstrip("\r\n")`. Na ukibadilisha kuwa `\n` kwa `replace`, anza na `\r\n`, ndipo ufuate `\r` iliyobaki peke yake. Ukigeuza mpangilio huo, kila mstari utafuatwa na mstari mtupu.

Kwenye Python, `open("kata.txt", encoding="utf-8")` huzipokea aina zote tatu na kukupa `\n`. CSV, faili la jedwali lenye safu zilizotengwa kwa koma, ndiyo yenye mambo yake: ifungue kwa `newline=""`, wakati wa kusoma na wa kuandika. Usipofanya hivyo kwenye Windows, moduli ya `csv` inaandika `\r\n`, mfumo nao unaongeza `\r` yake, unapata `\r\r\n`, na Excel inaonyesha mstari mtupu kati ya kila mistari miwili.

Kosa gumu kulinasa ni la anayesoma baiti kwa mafungu, tuseme 4096 kwa mkupuo. `\r` ikiangukia mwisho wa fungu na `\n` ikafungua fungu linalofuata, mwisho mmoja wa mstari unahesabiwa mara mbili. Faili dogo la majaribio halitakuonyesha hilo kamwe. Kumbuka baiti ya mwisho ya kila fungu. Ikiwa ni 13 na fungu jipya linaanza na 10, iruke hiyo 10. Kulijaribu, punguza fungu liwe baiti 1.