Vifo 4,748, tuvigawanye kwa kipi?

Kila Januari wanahabari huniuliza kama ajali zimepanda au zimeshuka. Kazi yangu ni usalama wa barabara hapa Nairobi, na huwaudhi kidogo, maana nami huwauliza: zimepanda ukilinganisha na nini?

Tazama takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya usalama barabarani. Mwaka 2022 barabara zetu ziliua watu 4,690. Mwaka 2023 idadi ikashuka hadi 4,324, kisha 2024 ikapanda hadi 4,748. Ukizisoma hivyo tu utasema 2023 tulifanya kazi na 2024 tukalala. Huenda ni kweli. Lakini 2023 ndio mwaka ambao kodi ya VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na Septemba petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita. Mwenye gari akianza kupimia safari zake, kilomita hupungua, na ajali hupungua nazo hata kama hakuna polisi aliyeongeza bidii. Mwaka 2024 bei ikalegea. Sisemi bei ndiyo iliyookoa watu. Nasema tusimpongeze wala kumlaumu mtu kabla ya kujua magari yalitembea kiasi gani.

Marekani hugawanya vifo kwa mwendo uliosafiriwa: mwaka 2023 ilipata vifo 1.26 kwa kila maili milioni 100. Sisi wapangaji wa huku mara nyingi hupitia njia ya panya, yaani mafuta. Unachukua lita zilizouzwa, unatoa za jenereta na mitambo, unazidisha kwa kilomita ambazo gari la kawaida hupata kwa lita moja. Shida ni kwamba hakuna gari la kawaida. Trela linalopanda kutoka Mombasa na gari dogo la Probox linalobeba miraa havina ulaji mmoja. Isitoshe, amri ya 2019 ya kusafirisha makontena kwa SGR, reli ya kisasa kutoka Mombasa, iliondolewa Septemba 2022. Kila kontena lililorudi barabarani likaongeza dizeli bila kuongeza abiria hata mmoja. Na sasa kuna mabasi na bodaboda za umeme, zinazokula kilomita bila kugusa lita. Umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo mapafu yetu yanashukuru. Hesabu yangu haishukuru.

Hata hesabu hiyo ikinyooka, inamwacha nje anayekufa zaidi. Waenda kwa miguu ndio wanaoongoza katika orodha ya vifo, na takriban safari 4 kati ya 10 Nairobi ni za miguu. Hawachomi mafuta, basi kwenye hesabu ya lita ni kama hawakutoka nyumbani.

Kumbuka pia kwamba hata hicho kinachogawanywa, yaani idadi ya vifo, kina utata: kwa mwaka 2016 takwimu rasmi zilikuwa vifo 2,965, ilhali WHO ilikadiria 13,463.

Sera ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 iliahidi watembeaji na waendesha baiskeli asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi. Mimi ningeanza na jambo la bei nafuu zaidi. Fomu zetu za kuhesabu magari makutanoni zina safu ya matatu, ya malori na ya pikipiki. Ongezeni ya wanaovuka kwa miguu, na muwaweke wahesabu wawili pale Mombasa Road kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wafanyakazi wa Industrial Area wanapopita.