Kozi ya Chuo Kingine, Cheti cha Chuo Chako

Tangu usajili wa kozi za pamoja ufunguliwe, yaani kozi ya chuo kimoja inayosomwa kwa mtandao na wanafunzi wa vyuo vingine pia, dawati letu hapa Tanga linajibu maswali yaleyale. Juzi binti mmoja wa Pangani aliingia na begi na godoro lililofungwa kamba, akauliza bweni liko wapi. Bweni hakuna, mwanangu. Mhadhiri yuko Dar es Salaam, wewe unamsikiliza ukiwa hukohuko kwenu.

Somo adimu lina mtaalamu mmoja, na wanafunzi watano chuo hiki, wanne chuo kile. Hakuna chuo kitakachoajiri mhadhiri kwa ajili ya watu watano. Vikichangia, darasa linapatikana.

Sasa utaratibu. Fomu unaichukua katika kitivo chako, si katika chuo kinachofundisha. Mkuu wa idara anasaini, msajili anagonga muhuri, ndipo jina lako linatumwa. Ukianzia kule, fomu itarudishwa na muda wa kubadili kozi utakupita. Ukisajiliwa kisha ukaacha kimyakimya bila barua, unahesabiwa umefeli. Alama zinarudi chuoni kwako, zinapitishwa na seneti ya chuo chako, na cheti ni kimoja. Kimoja. Anayeuliza cha pili kinatoka lini asiulize tena.

Kuna wanaosema masomo ya mbali ni ya wavivu na hayatambuliki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masomo ya mbali, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wahitimu wake wamo maofisini mnamoenda kupeleka barua zenu. Kwa hesabu za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, zikiwemo za kujisomea peke yako usiku.

Mtihani haufanyiwi nyumbani. Unakuja kwenye kituo cha mtihani na kitambulisho cha chuo, simu inabaki nje. Ukikutwa nayo ndani, hata ikiwa imezimwa, msimamizi anaandika taarifa na shauri linakwenda kamati ya nidhamu ya chuo chako. Ukimtuma mwenzio akufanyie, mnashtakiwa wote wawili, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa masomo.

Umeme ukikatika wakati wa kipindi, usipige simu kwetu. Mihadhara inarekodiwa, ipakue baadaye. Masuala ya mkopo ni ya Bodi ya Mikopo, sisi hatuwezi kuyasemea.

Godoro liko stoo. Mwenyewe kasema atalifuata Ijumaa.