Je, wajua kwa nini meli ya "London" hukushusha kilomita 130 kutoka London?

Fungua ratiba ya kampuni yoyote kubwa ya meli za kitalii zinazozunguka Ulaya, utayakuta mabano. London (Southampton). Roma (Civitavecchia). Paris (Le Havre). Berlin (Warnemünde). Mji mkuu huandikwa kwanza kwa sababu ndio unaouza tiketi. Mahali meli inapofunga kamba hasa pamesukumwa ndani ya mabano, na umbali hautajwi. Civitavecchia hadi Roma ni karibu kilomita 80. Le Havre hadi Paris ni kama 200, na Warnemünde hadi Berlin inazidi hapo. Wagiriki ndio wenye nafuu: ukishuka Piraeus, Athens iko kilomita 10 tu mbele yako.

Mabano hayo yamezaa biashara nzima. Gari binafsi humpokea abiria bandarini, hupakia masanduku yake, humpitisha kwenye vivutio vya njiani, kisha humfikisha hotelini kwake mjini. Tuchukue mfano wa Southampton, maana hapo pana jambo la kushangaza kidogo: mtu ametoka kwenye meli, anataka kwenda London iliyo kaskazini mashariki, na dereva anamwelekeza kaskazini magharibi, kwenye Stonehenge, mawe ya kale yaliyosimama kati ya malisho ya kondoo ya Wiltshire. Na abiria amelipia mzunguko huo kwa hiari yake.

Kwanza, kwa nini meli isiende London yenyewe? London haiko baharini. Warumi waliianzisha katika karne ya kwanza baada ya Kristo, pale ambapo mto Thames ungeweza kujengewa daraja na bado vyombo vya baharini vikafika kwa kufuata maji yanapojaa. Kwa vyombo vya mbao lilikuwa chaguo la busara. Kwa meli ya leo inayobeba watu elfu tatu, nne au tano, ni mtego. Daraja la Queen Elizabeth II pale Dartford, lililofunguliwa mwaka 1991, limeacha nafasi ya karibu mita 57 juu ya mto. Meli ya abiria Queen Mary 2 inasimama zaidi ya mita 60 juu ya maji. Hesabu imeishia hapo.

Meli ndogo hupita. Ziko zinazofika Greenwich, na nyingine hupandishiwa daraja la Tower Bridge zikaenda kusimama karibu na manowari ya makumbusho, HMS Belfast. Ni tamasha zuri la kutazama ukiwa ukingoni, ila hizo ni meli za abiria mamia, si maelfu. Iko pia bandari ya Tilbury, kabla ya kufika daraja la Dartford ukitokea baharini, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya London. Ndipo ilipofika Empire Windrush mwezi Juni 1948 ikiwa na wahamiaji kutoka Karibi. Mpaka leo meli za kitalii huitumia. Tatizo ni kwamba iko upande wa mashariki. Meli inayotoka Hispania, Ureno au New York ingelazimika kuzunguka pembe ya Kent kupitia mlango wa bahari wa Dover, ipande mto, kisha irudi njia ile ile. Saa zote hizo injini inakunywa mafuta, na abiria anaona tope la mlango wa mto badala ya Lisbon.

Southampton iko kwenye pwani ya kusini, imekingwa na kisiwa cha Wight, na ukitoka tu uko kwenye njia kuu ya meli. Tena ina kituko kinachopendwa na manahodha. Kwetu Mombasa, Tanga au Unguja maji hujaa kwa saa sita hivi, kisha huanza kupwa bila kupoteza muda. Mvuvi anayeijua bamvua hahitaji kuelezwa. Southampton maji yakishajaa hubaki juu, yakasita, mara nyingine yakapanda tena kidogo, na saa mbili hivi hupita kabla hayajashuka kwa dhati. Wenyeji wengi hukwambia ni kwa sababu maji huingia kwa kuzunguka kisiwa cha Wight pande zote mbili, kila upande kwa wakati wake. Ni maelezo matamu, lakini si ya kweli. Wataalamu wa bahari wanaeleza kwamba chanzo ni umbo la mlango wa bahari wa Uingereza na kina chake kidogo: wimbi la maji kujaa na kupwa hupotoshwa linapokwenda huku na huku humo, na Southampton imekaa karibu na katikati, mahali ambapo upotofu huo unaonekana wazi zaidi.

Reli ya kutoka London ilifika Southampton mwaka 1840, na hapo ndipo mji huu ulipoanza kuitwa lango la London kwa haki. Mwaka 1907 kampuni ya White Star ilihamishia hapa safari zake kubwa za New York kutoka Liverpool, na Titanic iliondoka hapa tarehe 10 Aprili 1912. Meli za barua za kampuni ya Union-Castle nazo ziliondoka hapa kila Alhamisi saa kumi jioni kwenda Cape Town, kwa miaka mingi mno hata watu wakasema unaweza kurekebisha saa yako kwazo. Siku hizo hakuna aliyehitaji gari la kukodi. Treni maalumu za abiria wa meli zilitoka kituo cha Waterloo, London, zikaingia hadi gatini. Jengo la abiria lililofunguliwa mwaka 1950 lilikuwa na jukwaa la treni chini na ukumbi wa abiria juu yake. Unashuka kwenye behewa, unapanda ghorofa, unaingia melini. Halafu ndege zikawachukua wasafiri wa Atlantiki, na jengo lile likabomolewa mwaka 1983. Meli ziliporudi kwa wingi zikiwa za kitalii, zikajengewa majengo mapya, la tano likiwa la mwaka 2021, lakini treni ya kuingia gatini haikurudi kuwa jambo la kila siku. Pengo hilo likazibwa na barabara.

Sasa tuangalie saa, kwa sababu biashara hii inauza saa kuliko inavyouza kilomita.

Meli inayomaliza safari hufunga kamba alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili. Kufikia saa nne asubuhi kila abiria anatakiwa awe ameshuka, maana vyumba vinasafishwa na wageni wapya wanaanza kuingia kabla au baada kidogo ya adhuhuri. Treni ya kawaida kutoka kituo cha Southampton Central hadi Waterloo huchukua kama saa moja na robo, au moja na nusu. Kwa hiyo mwenye haraka anaweza kuwa London kabla ya saa tano asubuhi. Na akifika? Hoteli haimpi chumba mpaka saa nane au saa tisa alasiri. Mwenye ndege ya jioni Heathrow naye ana nusu siku ya kuua. Wote wawili wamechoka, wana masanduku makubwa ya safari ya wiki mbili, na hawana pa kuketi.

Hapo ndipo Stonehenge inapoingia, na si kwa uzuri wake tu. Barabara ya moja kwa moja, M3, ni mwendo wa kama saa mbili hadi katikati ya London. Ukipitia Salisbury hadi Stonehenge, unatumia kama saa moja. Kisha unashika barabara ya A303 kuelekea mashariki, nayo inakwenda kuungana na M3 ile ile karibu na Basingstoke. Kutoka kwenye mawe hadi London ni saa mbili na dakika zake. Yaani mzunguko ule unaoonekana mkubwa kwenye ramani unaongeza takribani saa moja tu ya barabara. Kama Stonehenge ingekuwa kilomita 100 zaidi upande wa magharibi, hakuna dereva ambaye angeithubutu siku ya kushuka melini.

Na humo njiani mali ni nyingi. Kanisa kuu la Salisbury lina mnara wa mita 123, mrefu kuliko wa kanisa lolote Uingereza, na limehifadhi mojawapo ya nakala nne za awali za Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Stonehenge yenyewe, hata ukishazichoka picha zake, ina habari zinazoendelea kubadilika. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba mengi ya mawe yale makubwa, yenye uzito wa tani 20 na zaidi, yalitoka msitu wa West Woods, umbali wa kilomita 25 hivi. Madogo yalitoka Wales, zaidi ya kilomita 200. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba jiwe lililolala katikati, lenye tani sita, asili yake ni kaskazini mashariki mwa Scotland, kilomita 700 na ushei. Walilifikishaje bila gurudumu? Dereva akikupa jibu la uhakika, ujue amejitungia.

Lakini hata hayo yote yangeweza kutazamwa kwa treni na basi, kwa bei ndogo zaidi. Kinachowashinda watu ni masanduku. Stonehenge hakuna pa kuyahifadhi. Kutoka kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2013 hadi kwenye mawe ni zaidi ya kilomita mbili, na kuna basi la kukupeleka, ila si wewe pamoja na sanduku la kilo 23. Dereva binafsi anabaki na gari, masanduku yako ndani, wewe unatembea mikono mitupu. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo huduma inayouzwa. Mandhari ni nyongeza. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekodi gari afikirie buti kabla ya viti: gari la viti vinane halichukui watu wanane waliotoka melini, kila mmoja na masanduku mawili.

Namba nane nayo si ya bahati. Sheria ya Uingereza inaliweka gari la abiria wasiozidi wanane katika kundi la magari ya kukodi yenye leseni maalumu: lazima liagizwe mapema kupitia mwendeshaji mwenye leseni, na haliruhusiwi kuokota abiria njiani wala kusubiri kwenye foleni ya teksi. Ndiyo maana madereva hawa utawakuta ndani ya jengo wameshika kibao chenye jina, hawapigi kelele za kuita wateja. Ukizidisha abiria hapo, unaingia kwenye sheria za mabasi. Dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa tisa kwa siku kwa kawaida, na baada ya saa nne na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45, na kifaa ndani ya gari kinarekodi yote hayo. Ziara ya basi hupangwa kwa kufuata mapumziko ya dereva. Ziara ya gari dogo hupangwa kwa kumfuata mteja.

Watu wengi hushtuka wakiona bei, kwa sababu wanailinganisha na nauli ya teksi ya kilomita 130. Mengi ya magari haya hutoka London alfajiri yakiwa matupu, na siku ya ziara dereva hawezi kubeba kundi la pili. Kwa hiyo mteja analipia siku nzima ya gari na mtu, pamoja na ule mwendo mtupu wa asubuhi. Juu yake kuna ushuru wa msongamano wa kuingia katikati ya London, ulioanza mwaka 2003. Tiketi za vivutio mara nyingi hazimo. Wala si kila dereva ni mwongoza watalii. Wapo waliofuzu na kuvaa beji ya bluu, ambayo hupatikana kwa masomo na mitihani, na wapo wanaoijua barabara tu. Wote ni halali, lakini bei zao hazipaswi kufanana, na ni vizuri kuuliza mapema utampata yupi.

Kwa familia ya watu sita, ukigawanya, gari linaweza kukaribia gharama ya treni pamoja na teksi na mahali pa kuhifadhi mizigo. Kwa mtu mmoja asiye na haraka, treni inashinda bila ubishi.

Safari ya kurudi, kutoka London kwenda kupanda meli, ni mchezo mwingine. Hoteli inakutoa saa tano asubuhi, meli inaondoka saa kumi au kumi na moja jioni, na mlango hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Madereva wazoefu hukwepa kuiweka Stonehenge siku hiyo majira ya kiangazi. A303 inapopita karibu na mawe ina njia moja tu kila upande, na foleni yake ni maarufu nchi nzima. Mpango wa kuichimbia handaki ulifutwa na serikali Julai 2024. Ikikaribia tarehe 21 Juni, maelfu hukusanyika kulishuhudia jua likichomoza kati ya mawe, na hapo usiseme. Wengi hupendelea Windsor, penye kasri la kifalme, asubuhi, kisha Winchester, mji wa wafalme wa kale ambako Jane Austen amezikwa, na ambao uko dakika 20 au 30 tu kutoka bandarini. Ukichelewa kwa ziara iliyoandaliwa na kampuni ya meli yenyewe, kwa kawaida meli itakungoja. Ukichelewa kwa gari ulilokodi mwenyewe, utaipungia mkono ukiwa gatini, kisha utafute ndege ya kuiwahi bandari inayofuata.